Mke Wangu Ana Njaa

Sina mke. Mwaka ule sikuwa naye, mpaka leo sinaye, na mama akibahatika kuisoma hii asianze upya habari zile. Lakini jioni moja ya Novemba, mwezi wa pili tangu nifike Eskişehir, Uturuki, nilisimama mlangoni kwa jirani yangu wa ghorofa ya chini nikatamka bila wasiwasi: Karım aç. Mke wangu ana njaa.

Nilitaka kusema nina njaa. Waturuki husema tumbo langu lina njaa. Aç ni mwenye njaa, neno hilo nililijua. Tumbo ni karın, nalo nililijua. Na "langu" kwa Kituruki si lazima liwe neno la peke yake, ni mkia unaoshonwa nyuma ya jina, -ım, ambao tulikuwa tumefundishwa asubuhi ileile. Nikakata, nikashona, nikavaa. Yule bibi, ambaye mtaa mzima unamwita Teyze, mama mdogo, nami nikafuata mkumbo, alinitazama, akatazama ngazi zilizokuwa nyuma yangu, akauliza kitu. Sikuelewa. Nikajibu evet, ndiyo, maana mgeni asiyeelewa huitikia ndiyo. Akaingia jikoni akatoka na sahani mbili za çibörek, zile sambusa pana za nyama ambazo Watatari wa Krimea walikuja nazo mji huu, moto, zinachuruzika mafuta. Moja akaniashiria ni yangu. Ya pili akanyoosha kidole juu, kwangu. Nikapanda nazo zote mbili, nikala zote mbili, nikamshukuru Mungu kwa ukarimu wa watu hawa.

Kesho yake nikaisimulia darasani, mwalimu akaegemea ubao akicheka. Kumbe karın ukiishonea mkia unaoanza na irabu inapoteza irabu yake ya pili: karın, karnım. Mke ni karı, na karım ni mke wangu. Isitoshe kar ni theluji, na karın inaweza kuwa tumbo, au mkeo, au ya theluji, inategemea unaongea na nani na nje kuna hali gani ya hewa.

Nilirudi kwa Teyze na sahani zake kuungama. Alicheka mpaka akakaa. Kisha akaninyooshea kidole kifuani: "Oğul, oğlum. Karın, karnım." Oğul ni mtoto wa kiume, oğlum ni mwanangu, na irabu imeanguka palepale ilipoanguka kwenye tumbo. Kitabu chetu kilikuwa na jedwali la ukurasa mzima kwa jambo hilo. Yeye alitumia maneno manne, na tangu siku hiyo hajaniita kwa jina langu, ananiita oğlum.

Nimeianza na aibu hii kwa sababu kila nikienda likizo Tanga huulizwa kama Kituruki ni kigumu. Najibu kwamba matamshi yana kazi yake, ile ı isiyo na nukta huitoi kwenye mdomo wa mtu wa Ngamiani bila jasho, lakini lugha yenyewe imejengwa kwa akili ambayo sisi tunaijua. Sema imejengwa kinyumenyume. Mzigo ambao Kiswahili huubeba kichwani, Kituruki huuburuta nyuma. Ev ni nyumba. Evler ni nyumba nyingi. Evlerimiz, nyumba zetu. Evlerimizden, kutoka kwenye nyumba zetu. Kila kipande kina kazi moja na zamu yake, wingi kwanza, mwenyewe wa pili, safari mwisho, na hakuna anayemruka mwenzake kwenye foleni.

Halafu mkia hubadilisha irabu kulingana na neno lililo mbele yake: evim, nyumba yangu, kızım, binti yangu, okulum, shule yangu, gözüm, jicho langu. Darasa zima lililalamika siku ile. Mimi nilikaa kimya nikiandika pembeni mwa daftari: pika, pikia, andika, andikia, funga, fungia, soma, somea, leta, letea. Kwa nini hatusemi somia? Kwa sababu o na e zinataka ea, na a, i, u zinataka ia. Nimeongea Kiswahili maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo hadi nilipokaa kwenye baridi ya nyuzi chini ya sifuri nikifundishwa lugha ya watu wengine.

Sasa ile mikia inayoonyesha kazi ya jina katika sentensi. Mwalimu aliandika ubaoni: ismin hâlleri. Isim ni jina, na watu wa isimu tunawafahamu. Hal ni hali, hiihii ya hujambo-hali-yako. Wao pia huulizana halin nasıl, hali yako ikoje. Hali za jina! Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kituruki niliyoielewa bila kamusi, na niliipenda, kwamba jina nalo lina hali kama mtu: limekaa zake tu, linaguswa, linaendewa, linakaliwa, linaachwa. Mtoto wa shule wa Kituruki anazikariri hivyo hivyo, yalın hâl, yaani jina tupu, kisha -i, -e, -de, -den. Wataalamu huongeza ya sita, ya mwenye mali, nitaifikia.

(Mjini kwetu hapa kuna jengo linaitwa Haller, lilikuwa soko la jumla la mboga na sasa ni kituo cha vijana chenye migahawa. Miezi mitatu niliamini limepewa jina la sarufi. Hal hiyo ni nyingine, ni soko la jumla, Waturuki wameitoa kwa Wafaransa.)

Mwanafunzi wa Kazakhstan aliyekaa mbele yangu hakufungua hata daftari. Kwao nyumba ni üy, nyumbani ni üyde, kutoka nyumbani ni üyden. Yeye alikuwa anarekebisha lafudhi tu. Sisi wengine tulipewa ev: evi, eve, evde, evden. Eve gidiyorum, nakwenda nyumbani. Evdeyim, niko nyumbani. Evden geliyorum, natoka nyumbani. Tazama upande wetu. Nyumbani, nyumbani, nyumbani. Mkia wetu -ni umekaa hapo kama paka kwenye mkeka, hajali kama unaingia, umeketi au unaondoka. Kazi yote anafanya kitenzi. Ndiyo maana miezi ya mwanzo nilisema evde gidiyorum, niko-nyumbani nakwenda, na watu wa dukani wakanielekeza kwa upole kama mtu aliyepotewa na akili kidogo.

Lakini nisiudharau mkia wetu. Waturuki wanataka kujua unaelekea wapi. Sisi tunataka kujua pakoje. Nyumbani kwangu, nyumbani pangu, nyumbani mwangu: kwangu ni huko kwa jumla, pangu ni mahali penyewe panapoonyeshwa kwa kidole, mwangu ni ndani kabisa ambako mgeni haingii bila hodi. Evimde ya Kituruki inazibeba zote tatu bila kujua tofauti, na akitaka ndani lazima aseme evimin içinde, nyumba yangu ndani yake. Nilipomweleza mwalimu akataka nimwandikie ubaoni. Niliandika, nikashika chaki dakika kumi, na ile siku ilinipa heshima darasani kuliko mtihani wowote niliofanya baadaye.

Hali iliyowatesa wenzangu kuliko zote ni ile -i. Kitap okudum na kitabı okudum. Zote ni kusoma kitabu. Mwalimu alizunguka wiki mbili akieleza kwamba cha kwanza ni kitabu tu, kitabu chochote, ulikuwa katika kusoma. Cha pili ni kile tunachokijua mimi na wewe. Kaka mmoja wa Indonesia aliamua kuiweka -ı kila mahali kama chumvi. Mimi nilikuwa nimeshafika. Nimesoma kitabu, nimekisoma kitabu. Basi! Ile ki tunayoipachika tumboni mwa kitenzi, wao wameitoa wakaining'iniza kwenye mkia wa jina. Na zaidi ya hapo: mtu mwenye jina lake kwetu hukwepi kumtia ndani ya kitenzi, nimemwona Asha, ukisema nimeona Asha watu watajua wewe ni mgeni. Na Kituruki nacho hakikubali umwone mtu mwenye jina bila mkia wake: Ayşe'yi gördüm. Sijui kama kuna mwalimu anayewafundisha hivi Waswahili wanaofika huku kila mwaka kwa ufadhili, ila kama hayupo, wadau, mmeshapata, okoeni wiki mbili zenu.

(Umegundua pia kitap ikageuka kitabı? Neno la Kituruki halipendi kuishia na b, basi huifanya p, na irabu ikija nyuma b inafufuka. Sisi kitabu tulikipa irabu yake tangu mwanzo, ndiyo maana b yetu haijawahi kulala.)

Shida yangu mimi ilikuwa vitenzi. Kila kitenzi cha Kituruki kina hali inayoipenda na hakipokei nyingine, na hakuna kanuni, unakariri. Tramu unaipanda kwa -e, tramvaya bindim, kama kwamba unapanda kuielekea. Mbwa unamwogopa kwa -den, köpekten korkuyorum, woga unatoka kwake unakujia, na kwa kweli mbwa wa mitaani wa hapa, wakubwa, wenye hereni ya manispaa sikioni, ndivyo woga wao unavyosafiri. Mapenzi nayo yamegawanywa. Seni seviyorum, nakupenda, ni ile -i, unamgusa moja kwa moja. Sana aşığım, nimekufa juu yako, ni -e, umeshaanza kumwendea. Senden hoşlanıyorum, nimevutiwa nawe, ni -den: kitu kimetoka kwake kikakufikia, wewe bado umekaa kwenye kiti chako. Kijana mmoja wa darasani, sitamtaja kwa nchi wala kwa bara, alimwandikia msichana ujumbe akachanganya hizo tatu katika mistari miwili. Msichana alimrudishia amemsahihishia mikia kwa wino mwekundu wa simu, bila neno lingine.

Twende kwa mwenye mali.

Kiswahili: mlango wa nyumba ya mama wa rafiki yangu. Kituruki: arkadaşımın annesinin evinin kapısı. Isome kutoka nyuma utapata Kiswahili. Rafiki yangu wa, mama yake wa, nyumba yake ya, mlango wake. Kila mmoja ameshika shati la aliye mbele: mwenye mali ana mkia wake, -in, na mali nayo ina mkia wa kukiri, -i au -si. Pande zote mbili zimetia saini. Kwetu anayetia saini ni kile kiunganishi cha katikati, nacho hakimtazami mwenye mali bali mali: wa kwa mlango, ya kwa nyumba, cha kwa kitabu, la kwa jicho. Nilijaribu kumfundisha Kiswahili mwenzangu wa chumba, Mturuki wa Trabzon. Alifika kwenye wa, ya, la, cha, vya, za akaweka kalamu chini akaniuliza kwa nini ili aseme mlango wa nani inambidi kwanza ajue kabila la mlango. Sikuwa na jibu. Nilimwambia milango na mito ni ukoo mmoja, akasema asante, inatosha kwa leo.

Mahali pa kujifunza mikia hii si darasani, ni kwenye orodha ya chakula. Mercimek çorbası, supu ya adesi: adesi supu-yake. Domates çorbası, nyanya supu-yake. Su böreği, maji böreki-yake, ile inayotengenezwa kwa tabaka za unga uliochemshwa. Lakini çibörek haina mkia. Kwa nini? Kwa sababu su ni jina, na jina likisimama mbele ya jina lazima la pili likiri. Lakini ile çi wengi huiandika çiğ, nayo ni sifa, -bichi, na sifa haimiliki kitu. Ndiyo maana pia mji wangu ni Eskişehir tu, eski ni -kongwe, şehir ni mji (naam, ninaishi Mji Mkongwe, ila hauna bahari wala Forodhani, una mto Porsuk na baridi), wakati kule pwani yao kuna Kuşadası, kuş ni ndege, ada ni kisiwa, -sı inakiri: kisiwa cha ndege. Beyoğlu ya Istanbul ni mwana wa bwana, na yule oğlu ni yuleyule oğul wa Teyze aliyeangusha irabu. Ukishajua hilo, ramani nzima ya Uturuki inakuwa sentensi.

Na hapo ndipo alipokaa adui yangu, herufi N.

Jina lenye mkia wa kukiri likitaka hali, halikubali kuishika mkono kwa mkono. Linadai N katikati. İstanbul'da, mjini Istanbul, sawa. Lakini Beyoğlu'nda. Kuşadası'nda. Ev ikiwa tupu ni evde, ikiwa nyumba yake ni evinde. Juma la kwanza niliingia teksi na begi la kilo 30, nikampa dereva jina la mtaa na kumalizia sokağıya. Dereva hakuwasha gari. Aligeuka mzima, mzee wa masharubu, akasema "sokağına", akangoja. Nikasema sokağına. Ndipo akawasha. Nilimkasirikia njia nzima. Nilikuwa na njaa, sijalala, na mtu ananifanyia imla ndani ya teksi yenye mita inayohesabu.

Evinde hiyo ina ubaya mwingine. Ni nyumbani kwake, na pia ni nyumbani kwako. Neno lilelile. Mwaka wa kwanza Teyze aliniandikia ujumbe, "anahtar evinde", ufunguo uko nyumbani, kwa nani? Nilipekua chumba changu saa nzima, nikageuza godoro. Alimaanisha ufunguo wa stoo uko kwa binti yake, ambaye alikuwa ametoka kumtaja kwenye ujumbe wa juu yake ambao mimi sikuusoma. Wenyewe wanategemea mazungumzo, au wanaongeza senin, wako, na onun, wake, pale wanapoona mgeni anatoa macho.

Mkia ninaoupenda ni -m. Wangu, yangu, langu, changu, vyote viko ndani ya m moja. Vitu unavyovimiliki kwanza: Waturuki hawana kitenzi cha kuwa na. Wanasema gari langu lipo, arabam var. Pesa yangu haipo, param yok. Wakati wangu haupo, vaktim yok. Mwanafunzi anajifunza param yok siku ya tatu, na vaktim yok wiki ya mitihani. Lakini m hii wanaibandika hasa kwa watu. Chuoni kila mtu ni hocam, mwalimu wangu, hata anayeuza kahawa. Canım, roho yangu, utaambiwa na muuza nyanya. Kuzum, mwanakondoo wangu, niliitwa na muuguzi mwenye umri wa shangazi yangu, nikasahau nilichokuwa naumwa. Na ukimwita mtu kwa simu atakujibu efendim.

Efendim nilikuwa naijua kabla sijazaliwa. Efendi ni bwana, efendim ni bwana wangu, na leo maana yake ni naam tu, au hebu rudia sikukusikia. Bila m, ndiyo afande wetu. Neno hilo lilifika kwetu kwa njia ya wanajeshi: mwaka 1889 Wajerumani walipotaka kuzima vita vya Abushiri, Hermann von Wissmann aliajiri Wasudani huko Misri, na jeshi la Misri vyeo vyake vilikuwa vya Kituruki. Wakatuachia afande na ombasha. Ombasha, yule koplo wa zamani, ni onbaşı: on ni kumi, baş ni kichwa, na -ı ni mkia wa kukiri, kumi kichwa-chao. Kwa hiyo askari waliopigana Tanga Novemba 1914 walikuwa wakitembea na kiambishi cha Kituruki ndani ya vyeo vyao bila habari. Uturuki yenyewe ilifuta cheo cha efendi kwa sheria mwaka 1934. Kwetu nenda kituo chochote cha polisi, afande yupo na anakuuliza umebeba nini.

Nilikuwa najiambia kwamba sisi hatuna mkia kama huo wa m, tuna maneno kamili, wangu na yangu, yamesimama kwa miguu yao. Mpaka usiku mmoja mama amepiga simu. Mtandao unakatika, sauti inakuja vipande, nasikia tu "mwana... ngu, mwana... ngu". Nikanyanyuka kitandani. Mwanangu. Si mwana wangu. Mwanangu, mwanao, mwanawe. Mwenzangu, mwenzio. Mumeo, mkewe, nduguye. Mamangu. Tunayo! Tunayo na tumeificha mahali pamoja tu, kwa watu wa ndani. Hakuna anayesema kitabungu wala mezangu. Waturuki wamegawa mkia wao kwa kila kitu, supu, teksi, theluji. Sisi tumewabakizia mama, mwana, ndugu, mume, mke na mwenza, kama vyombo vya kabatini. Nikamwambia mama kwa shangwe. Akauliza kama nimekula.

Sitaki kudanganya kwamba yote yamenyooka. Nina miaka minne sasa na bado nikichoka naongea kwa jina tupu, yalın hâl, kama mtoto: ev, gitmek, ben. Na Kiswahili changu kimeanza kuiba. Mara ya mwisho Tanga nilimwambia mdogo wangu "nimefurahi kutoka kwa rafiki yako", nikimaanisha nimempenda rafiki yake mpya, alinikodolea macho. Tanga yenyewe nimeizoea kwa mikia: Tanga'dan geldim, Tanga'ya gidiyorum, Tanga'yı özledim. Ile ya mwisho, nimeikumbuka Tanga, ni -yı, hali ya kitu unachokigusa, ingawa iko mbali.

Likizo hiyo nilipoondoka, Teyze alitoka na bakuli la maji akayamwaga barabarani nyuma ya teksi, kama wanavyomfanyia msafiri hapa: su gibi git, su gibi gel, nenda kama maji, rudi kama maji. Nami nikiwa dirishani, badala ya kumpungia, nilikuwa nawaza kwamba su ndilo jina korofi kuliko yote, kanuni inataka maji yake yawe susu na wao wanasema suyu. Elimu nyingine ni ugonjwa.

Nilirudi baada ya wiki sita. Dar mpaka Istanbul, kisha treni ya kasi mpaka huku, nikashuka karibu na saa sita usiku nimebeba dagaa, pilipili ya mama ya kukaanga na kanga mbili za Teyze. Nikaingia teksi ya kwanza kwenye foleni. Kijana.

"Nereye abi?" Wapi, kaka?

"Eve," nikamjibu. Nyumbani. Lilitoka lenyewe, nilikuwa nimelala nusu.

Akacheka, akanitazama kwenye kioo. "Kimin evine abi?" Nyumbani kwa nani?

Nikaamka. Kimin, ya nani, mwenye mali. Ev. Ile i ya kukiri. Na N. Na e ya kuelekea. Vyote kwenye maneno mawili, saa sita za usiku. Nikamtajia mtaa, nikamalizia: sokağına.

Hakusahihisha kitu. Akawasha mita, tukaondoka.